Shilingi Moja Getini

Mwingereza anaweza kuwa jirani yako miaka nenda miaka rudi, mkasalimiana kila asubuhi mnapotoa mapipa ya taka, na usijue uani kwake kuna nini. Mbele ya nyumba ni pa kila mpita njia. Nyuma ni pake, na uzio wa mbao ulio kati yenu umepimwa usione hata kofia yake. Mimi ni nesi wa majumbani huku Kent. Kazi yangu inanipitisha mlango wa mbele na kunifikisha hadi chumbani: nafunga vidonda vya miguu, nachoma insulini, nabadilisha mipira ya mkojo. Hata hivyo bustani za wagonjwa wangu wengi nimeziona kwenye dirisha la jikoni tu, wakati nanawa mikono.

Sasa wachukue watu hao hao wa uzio mrefu. Siku moja ya kiangazi mmoja wao anatundika kibao cha njano barabarani, anaweka meza na kopo la pesa getini, na kumkaribisha yeyote apitaye. Toa kiingilio, ingia, zunguka utakavyo, uliza jina la ua lolote, kaa kwenye benchi lake, kunywa chai yake. Jioni pesa zinahesabiwa na kupelekwa kwa shirika la hisani liitwalo National Garden Scheme, ambalo kitabu chake cha kila mwaka kinaorodhesha bustani zaidi ya 3,000. Mwenye nyumba habaki na kitu ila ukoka uliokanyagwa.

Wengi huiona hii kuwa starehe ya wastaafu, na kwa sura ndivyo ilivyo. Lakini ilianzishwa ili watu wa kazi yangu wapate kusomeshwa, kulipwa na kutunzwa uzeeni, na manesi wenzangu ninaofanya nao kazi hawalijui hilo hata kidogo. Nami naona tumepunjwa: starehe imebaki mdomoni mwa watu, nesi amesahauliwa.

Agosti 2022 nilikwenda kwenye bustani moja ya namna hiyo na shangazi yangu, dada yake marehemu baba, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, mkoani Tanga, na sanduku la masweta ambayo hakuvaa hata moja. Julai ya mwaka ule ilikuwa kavu kuliko Julai yoyote ya England tangu 1935. Tarehe 19 ya mwezi huo kipimo kilifika nyuzi 40.3 huko Coningsby, Lincolnshire, mara ya kwanza nchi hii kuvuka 40. Siku tuliyokwenda sisi ilikuwa Jumapili, siku mbili baada ya serikali kutangaza ukame, na sehemu kubwa ya eneo letu ilikuwa imepigwa marufuku kumwagilia kwa mpira. Shangazi ni mwenye michungwa, mtu wa jua tangu kuzaliwa, lakini kwenye basi alikaa anajipepea kwa ncha ya mtandio.

"Joto la kwetu lina mlango wa kutokea," alisema. "Hili limefungiwa."

Getini mzee mmoja mwenye kofia ya nyasi alipokea pesa zetu, akatugongea muhuri mkononi kama watoto wa sinema. Shangazi alisubiri tukasogea kidogo.

"Tumelipa kuangalia maua ya watu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na mwenyewe yuko hai?"

Swali la haki kabisa, maana sehemu za kulipia anazozijua yeye ni za watu waliokufa zamani. Na ukweli ni kwamba kuangalia bustani za walio hai kuna historia ndefu Uingereza. Huko Stowe, Buckinghamshire, Lord Cobham alijengesha nyumba ya kulala wageni mwaka 1717 kwa ajili ya waliokuja kuitazama bustani yake, na mwaka 1744 Benton Seeley wa mji wa Buckingham akachapisha kitabu cha kuwaongoza humo ndani. Ila wageni wale walikuwa watu wa magari ya farasi, wenye nguo za kuwapitisha mlangoni, na bakhshishi ilimwangukia mtunza bustani. Mfua nguo wa kijijini hakuingia, labda apeleke mashuka.

Lango la kweli lilianza kufunguliwa mbali na bustani za mabwana, Liverpool, mwaka 1859.

William Rathbone alikuwa mfanyabiashara tajiri wa mji ule. Mkewe aliugua, akauguzwa nyumbani na nesi aitwaye Mary Robinson hadi alipofariki mwaka huo. Rathbone akaona yale aliyoyapata mkewe, mwenye nyumba kubwa na watumishi: kugeuzwa kitandani, kuoshwa, kupewa dawa kwa saa, maumivu kupunguzwa na mtu anayejua anachofanya. Akajiuliza wanaofia kwenye vyumba vya chini karibu na gati wanapata nini. Badala ya kumwachia Mary Robinson aende zake, alimwajiri kwa miezi mitatu awazungukie maskini majumbani mwao, akamnunulia na vifaa.

Hapa huwa natua kila ninapoisoma habari hii. Mwezi haujaisha, Mary Robinson alirudi kwa Rathbone analia, akamwomba amwachie. Hakuwa mvivu. Alikuwa ameona vyumba ambamo hakuna maji, hakuna shuka, hakuna dirisha, na wagonjwa wamelala hivyo wiki nzima, wengine wamelaliana na wazima. Mtu aliyefanya kazi hii anaijua siku ile. Kwangu ilikuja nilipomkuta bibi mmoja amekaa kwenye kiti kile kile tangu nilipomwacha juzi yake, bandeji imelowa hadi kwenye kiatu, na yeye ananiomba radhi kwa harufu. Nilimaliza kumfunga, nikaingia kwenye gari, nikashindwa kuwasha. Mgonjwa aliyefuata alikuwa ananisubiri kwa sindano ya kabla ya chakula.

Rathbone alimsihi Mary Robinson avumilie muda uishe. Ulipoisha, yeye mwenyewe ndiye aliyekataa kurudi kuuguza matajiri, kwa sababu alikuwa ameona wagonjwa waliokatiwa tamaa wanasimama tena. Rathbone akataka manesi wengine kama yeye, akakuta hawapo nchini. Akamwandikia Florence Nightingale. Jibu alilopata, kwa ufupi, lilikuwa hili: kama huna manesi, wafundishe. Basi shule ya manesi ikajengwa kando ya hospitali kubwa ya Liverpool, mji ukagawanywa mitaa 18, kila mtaa nesi wake, na kila nesi akawekewa bibi mmoja mwenye nafasi wa kumtafutia pesa za mchuzi wa mgonjwa, mablanketi na kodi.

Bibi mwenye nafasi ndiye mwanzo wa haya ya maua. Kazi ya nesi wa majumbani tangu siku ya kwanza ilisimama juu ya mchango. Hapakuwa na serikali nyuma yake. Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, wanawake wa nchi nzima walimchangia zawadi, na sehemu kubwa, paundi 70,000, akaielekeza kwenye uuguzi wa majumbani. Ikazaliwa taasisi ya manesi wa Malkia, yenye masharti makali: nesi awe amesoma, aingie nyumba ya yeyote bila kuhubiri dini, asigawe sadaka. Lakini taasisi ilifundisha na kukagua tu. Aliyemlipa nesi ni chama cha kijiji au mtaa, na chama kilikusanya senti kwa senti kwa wiki, kikafanya minada ya vitu vilivyofumwa, kikamwendea mwenye shamba kubwa na kopo mkononi. Mwaka mbaya wa mavuno, baiskeli ya nesi haikupata tairi jipya. Kwa msomaji wa kwetu niseme tu kwamba ilikuwa harambee isiyo na mwisho, yenye kamati, daftari na majungu yake.

Malkia Alexandra, mjane wa Edward wa Saba na mlezi wa manesi hao, alifariki Novemba 1925 nyumbani Sandringham. Taasisi ikataka kumwekea ukumbusho wenye faida: mfuko wa kusomeshea manesi wapya na kuwatunza waliozeeka. Watu walikuwa wamechoka kuchangishwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeisha na kuwaachia vilema na wajane, na kila aliyekuwa na kopo alikuwa barabarani. Ndipo mjumbe mmoja wa baraza la taasisi, Elsie Wagg, akasema kitu kilichoonekana kidogo sana kwa wakati ule. Nchi hii imejaa bustani nzuri ambazo hakuna anayeziona ila wenyewe na marafiki zao. Kwa nini wasiombwe kuzifungua, watu waingie kwa shilingi moja?

Mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kuipita shilingi hiyo haraka. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1920 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kutumika Tanga, Mombasa na Kampala, na thamani yake iliwekwa sawa na ya Waingereza. Wao walishaiacha ya kwao tangu 1971, sisi tunayo mpaka leo, ingawa ile ya Elsie Wagg ingemshangaza mwenye duka wa Muheza wa sasa. Kibarua wa shamba wa England alipata kama shilingi 30 kwa wiki. Shilingi moja kwake ilikuwa pesa ya kufikiriwa, lakini ilikuwa pesa inayoweza kutoka mfukoni. Na huo ndio ujanja wenyewe wa Elsie Wagg, ambao mimi nausifu kuliko moyo wake mwema. Bei ilimfungulia lango mfua nguo bila kumfanya ombaomba wala mgeni wa hisani ya tajiri. Alilipa, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusimama mbele ya waridi la mwenye jumba na kusema halijamvutia.

Mwaka 1927 zilifunguliwa bustani 609. Mfalme George wa Tano aliifungua Sandringham, mahali mama yake alipofia. Mwisho wa mwaka walihesabu paundi 8,191. Paundi ilikuwa na shilingi 20. Piga hesabu, utaona ni kama watu 160,000 waliopita getini, wengine wao pengine mara ya kwanza maishani kukanyaga ukoka wa lodi. Motokaa na mabasi ya abiria yalisaidia, kwa kuwa mtu wa mjini sasa aliweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kufika 1931 bustani zilishapita 1,000 na jarida la Country Life likawa linachapisha kitabu cha kuziorodhesha, ambacho baadaye kilivaa jalada la njano, rangi ambayo mpaka leo ndiyo ya vibao vya barabarani.

Sitaki kumfanya kila mwenye jumba malaika. Wengine walifungua kwa kuwa Mfalme amefungua. Wengine walipenda kusifiwa, na sioni ubaya: mtu akisifiwa dalia zake na nesi akapata tairi la baiskeli, sifa imefanya kazi. Mkono mtupu haulambwi, na Waingereza, wanaojifanya hawaijui kanuni hiyo, waliiweka ndani ya kikombe cha chai na kipande cha keki.

Tarehe 5 Julai 1948 serikali iliichukua kazi yote. Huduma ya Taifa ya Afya ilianza siku hiyo, na nesi wa majumbani akawa mtumishi wa umma, mshahara wake unatoka kwenye kodi. Kwa hesabu ya kawaida, bustani zilipaswa kufungwa na kila mtu arudi nyuma ya uzio wake. Hazikufungwa. Manesi wastaafu bado walihitaji kutunzwa na mafunzo bado yalitaka pesa, na sehemu ya mapato ikaelekezwa kwa shirika la uhifadhi la National Trust kuokoa bustani za kihistoria ambazo wenyewe hawakuweza tena kuzitunza. Mwaka huo huo National Trust ilichukua Hidcote ya Gloucestershire, ya kwanza kuichukua kwa sababu ya bustani yake na si nyumba. Hapa nina neno. Naipenda Hidcote, vyumba vyake vya nyasi na kuta za miti, lakini shilingi iliyoombwa kwa jina la nesi kwenda kukata ua wa miti wa bwana mkubwa inanikera kidogo, hata miaka yote hii baadaye. Haki isemwe pia: National Trust nayo ilizifungua bustani zake kwa ajili ya mfuko, na tangu miaka ya 1980 pesa zimerudi kwa wingi upande wa wagonjwa, kwa manesi wa saratani wa Macmillan, kisha kwa shirika la Marie Curie na nyumba za kuuguzia walio mwishoni mwa maisha. Jumla iliyotolewa tangu mwanzo imepita paundi milioni 70.

Tuliyokwenda sisi haikuwa Hidcote. Ilikuwa bustani ya nyuma ya nyumba ya kawaida kabisa, ndefu na nyembamba, inayoteremka hadi kwenye reli. Ukoka ulikuwa umekauka rangi ya mkeka, unalia chini ya viatu. Mwenyewe, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu, alikuwa ameukubali msiba wa ukoka ili aokoe mengine. Maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo yalikuwa yanabebwa kwa keni jioni, jua likishashuka, na kumwagwa shinani, si juu ya majani. Dalia zake zilizungushiwa majani makavu na mboji nene kama kiganja. Waridi alikuwa ameyakata maua yote yaliyoanza kunyauka, mti usijichoshe kuzaa mbegu wakati wa kiu.

Shangazi aliingiza kidole kwenye udongo bila kuomba ruhusa. Akakisokota, akanusa.

"Mwambie huyu mama udongo wake mzuri, ila aache kulima katikati ya mistari. Anautoa unyevu."

Nilitafsiri. Yule mama alicheka, akasema mama yake alikuwa akimwambia hivyo hivyo, kisha wakaendelea wenyewe kwa vidole, mmoja kwa Kiingereza na mwingine kwa Kiswahili cha Muheza, na nikaona sina kazi tena. Nilikaa chini ya mtufaa. Kwenye meza ya chai waliofika walikuwa wazee watupu, na jicho la kazi halina likizo: huyu midomo imekauka, yule vifundo vimevimba na soksi inambana, yule wa tatu kikombe kimejaa tangu nifike. Joto la kiangazi kile liliua. Mamlaka ya afya ilikadiria vifo zaidi ya 2,800 kupita kawaida, kwa watu wenye miaka 65 na kuendelea pekee. Nyumba za huku zimejengwa zishike joto la ndani, madirisha mengine hayafunguki zaidi ya kiganja, na mzee anayeishi peke yake hanywi maji kwa kuogopa safari ya chooni usiku. Wiki za joto zile nusu ya kazi yangu ilikuwa kujaza jagi, kushusha pazia upande wa jua, na kusimama pale hadi glasi imalizike. Hakuna fomu yenye mstari wa kuandika hayo.

Yule mama mwenye bustani alipokuja kukaa nikamwambia mimi ni nani. Akanyamaza kidogo. Mumewe, alisema, alifia chumba kile pale juu, na dirisha akanionyesha, manesi wakija usiku na mchana kubadilisha dawa ya maumivu kwenye kimashine chake. Tangu mwaka uliofuata amekuwa akifungua. Hakulisema kwa machozi. Alilisema kama mtu anayelipa deni kwa awamu, na papo hapo akaniuliza kama keki ya ndimu haikuwa kavu sana. Ilikuwa kavu. Nikala ya pili.

Karibu na kutoka kulikuwa na meza ya miche ya kuuza, imewekwa kivulini, vijungu vidogo vya plastiki vyenye bei kwa kalamu. Huko ndiko nilikomkuta shangazi amesimama, mikono kiunoni, anakitazama kijungu kimoja kana kwamba amemkuta mtoto wa jirani ugenini bila wazazi.

"Hili si la mtoni kwetu?"

Lilikuwa lenyewe. Shina laini lililojaa maji, majani yenye meno, ua bapa jekundu lenye mkia mwembamba nyuma, na kile kitunda ambacho kikiiva, ukikigusa, kinapasuka na kurusha mbegu. Vijito vya Usambara, kuelekea Amani, vimejaa mmea huu, hata haumfanyi mtu ageuke. Waingereza wanauita Busy Lizzie. John Kirk, daktari aliyesafiri na Livingstone Zambezi kisha akakaa Zanzibar hadi kuwa balozi mkuu wa Uingereza huko, alikuwa mtu wa mimea kuliko siasa, na alikuwa na bustani yake ya majaribio Mbweni. Yeye ndiye aliyepeleka mmea huo ukiwa hai kwenye bustani ya mimea ya Kew, London. Mwaka 1882 Joseph Hooker wa Kew akauchapisha kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Barghash bin Said. Ila mwaka 1868 mmea wa namna hiyo ulikuwa umeshapewa jina la Horace Waller, wa misheni ile ile iliyokuja kujenga Magila, kwetu Muheza. Wataalamu wa baadaye wakaamua ni mmea mmoja, na kwa kanuni zao jina la kwanza ndilo lishikalo. Sultani akanyang'anywa ua lake na mmisionari, na sijasikia aliyelalamika.

Kwa miaka mingi lilikuwa kati ya maua yaliyopandwa sana kwenye vivuli vya Uingereza, hadi ugonjwa wa ukungu wa majani ulipolivamia, vibaya zaidi mwaka 2011, wauza miche wengi wakaliacha. Jirani yake, lile ua la zambarau la miamba ya Usambara ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekaa Tanga, alilipeleka Ujerumani na likaitwa Saintpaulia mwaka 1893, halijapata msiba huo. Naliona kwenye madirisha ya wagonjwa wangu, limekaa juu ya kisahani. Nikiwaambia limetoka wilaya niliyozaliwa wananitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu anayedai ukoo na mfalme.

"Anauza?" shangazi aliuliza.

"Paundi mbili."

"Mbili! La mtoni?"

"Pesa zinakwenda kwa manesi, shangazi."

Alifikiri. Mzee mwenye kofia ya nyasi alikuwa amehamia kwenye meza hii, anatabasamu, hajui kinachokuja. Shangazi alifungua kibindo cha kanga aliyoivaa ndani ya gauni, akatoa sarafu ya paundi moja, akaiweka mezani, akaifunika kwa kiganja.

"Mwambie namlipia usafirishaji tu. Ua ni letu."

Nilimwambia, maneno yote, bila kupunguza. Mzee aliitazama foleni nyuma yetu, akaniuliza huyu mama anatoka wapi hasa, kisha akachukua ile paundi na kumpa kijungu. Shangazi akakirudisha mezani, akachagua kingine chenye machipukizi mawili.